Theopista, kisu cha kayabo na kidonge cha mumewe

Jua limeshapanda juu ya mabati ya Goziba, kisiwa cha Ziwa Victoria, na Theopista Kokushubila amejikata.

Si jeraha kubwa. Kisu kimeteleza kwenye uti wa sangara na kuingia kidole gumba cha mkono wa kushoto, palepale penye makovu ya miaka yote aliyofanya kazi hii. Kwa mpasua samaki hilo ni jambo la kufuta kwenye kanga na kuendelea. Lakini katika banda hili hakuna anayeendelea. Visu vimetulia. Kezia, mzaliwa wa Ukerewe anayefanya naye kazi meza moja, ameacha chumvi kwenye karai na kumsogelea na kitambaa safi.

"Kibane, Ma Theopista," anasema. "Usikiangalie. Kibane tu."

Theopista anakibana. Macho yake ameyapeleka ziwani, ila hakuna anachokitazama huko. Midomo inacheza. Wanawake wengine wanne wamesimama na mikono yao yenye magamba, macho kwenye kidole hicho.

Baada ya muda anafungua kitambaa. Damu inachungulia, tone moja, kisha inatulia.

"Imesimama," anasema Kezia.

Banda zima linashusha pumzi. Mmoja anacheka, mwingine anapiga kofi moja la shukrani, na visu vinarudi kazini.

"Mnanitazama kama mtu aliyefufuka," Theopista anawaambia, huku akijifunga kidole kwa kipande cha kitambaa.

"Si ulifufuka kweli?" Kezia anamjibu.

Ukweli ni kwamba mwaka jana kidole kama hicho kisingesimama kutoa damu upesi hivyo. Na mwaka huohuo damu hiyo, ikipita mahali ambapo hakuna aliyeiona, ilikaribia kumwua Theopista katikati ya ziwa. Chanzo hakikuwa kisu. Kilikuwa kidonge kidogo cheupe ambacho alikimeza kila asubuhi kwa hiari yake, akiamini kinamlinda.

Theopista ana miaka hamsini na tisa. Nyumbani kwake ni Kaagya, Bukoba Vijijini, kwenye shamba la migomba na kahawa alilolikuta alipoolewa na Rugemalira, mkulima mwenzake. Mnyauko ulipoikausha migomba yao, aliamua kufuata riziki kisiwani. Anapasua sangara, anawatia chumvi na kuwaanika, wakishakauka wanaitwa kayabo, na shehena yake kubwa huvuka mpaka kwenda Kongo. Malipo ni kwa kila samaki anayepita mkononi mwake, kwa hiyo mwenye kisu chepesi ndiye anayekula vizuri. Hukaa kisiwani majuma kadhaa, kisha hupanda boti kwenda Muleba na kutoka hapo kurudi Kaagya.

Katika mojawapo ya safari hizo za kurudi ndipo alipokuta nyumba imegeuka.

Rugemalira alikuwa akipogoa migomba asubuhi. Jirani alimkuta amekaa chini, panga limemtoka, mguu wa kulia haumtii na maneno yanatoka yamevunjika. Alipelekwa Bukoba, kisha Mwanza, ambako alipigwa picha ya kichwa. Ikaonekana ni kiharusi cha mshipa ulioziba kwa damu iliyoganda.

Alirudi nyumbani na mkongojo na mfuko wa dawa. Ndani yake mlikuwa na za presha, za mafuta ya mwilini, na aspirini ndogo, ile ambayo maduka mengi ya dawa huiita junia. Ya mwisho hiyo aliambiwa ni ya kila siku, na asiiache bila kuambiwa na daktari.

Theopista alikuwa kliniki siku ile mumewe alipopewa maelezo. Aliyasikiliza yote. Lakini anakiri kwamba aliondoka na neno moja tu.

"Walisema hii ni kinga," anasimulia. "Basi mimi nikalishika hilo hilo. Nikajiuliza, kama inamkinga yeye, mimi je? Tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na tano. Chungu kimoja, chumvi ileile. Siku ile walinipima na mimi, wakakuta presha iko juu. Sasa kwa nini kinga iwe ya mmoja?"

Ni vigumu kumlaumu. Neno kinga tumelizoea kwenye chanjo na kwenye chandarua, vitu anavyopewa kila mtu na asiyepewa ndiye anayeonewa. Na sisi Watanzania tuna ukarimu wa ajabu kwenye dawa. Mtu akipata nafuu anamgawia jirani vilivyobaki, na jirani anashukuru kwa moyo wote, hata kama hajui vilikuwa vya ugonjwa gani.

Theopista hakumpunguzia mumewe vidonge. Alinunua vyake dukani, na muuzaji hakumuuliza swali lolote. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata kisiwani aliweza kuweka akiba. Siku ile ya kliniki alikuwa ameandikiwa pia dawa ya presha na kuambiwa arudi kupimwa tena. Hakurudi.

"Niliona nimeshapata dawa kubwa kuliko hiyo," anasema na kutikisa kichwa. "Presha haiumi. Kiharusi nilikiona kwa macho yangu, kinakaa kwenye kiti changu, kinashindwa kujilisha. Niliogopa vibaya. Sikuwa na mtu wa kunilisha mimi, kwa sababu aliyekuwa anilishe ndiye huyo ninayemlisha."

Hivyo ndivyo alivyoanza, na mumewe alipoweza kujilisha tena, akarudi kisiwani. Kila asubuhi kabla ya kushika kisu, alimeza kidonge kwa chai ya rangi, tumbo likiwa tupu. Kisha aliweka punje za akamwani shavuni na kuingia kazini.

Akamwani, kwa msomaji asiye wa Kagera, ni buni zilizochumwa mbichi, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Wahaya hutafuna. Mgeni hupewa punje hizo kabla ya maongezi kuanza, na mtu mwenye kazi ndefu huzitumia kuidanganya njaa. Theopista hubeba mfuko wake kutoka Kaagya kila safari, na anasema bila huo kisiwa hakikaliki. Alitafuna mpaka adhuhuri, ndipo akala.

Jioni mgongo ulipomlilia kwa kuinama, alimeza diklofenaki ya kutuliza maumivu. Nayo aliinunua mwenyewe.

Wa kwanza kuona mambo yanabadilika alikuwa Kezia.

"Alijikata kidogo sana, mkato wa ukucha," Kezia anakumbuka. "Tukafunga, ikaloa. Tukafunga tena, ikaloa. Samaki wakaanza kupata rangi ya damu isiyo yao. Nikamwambia, Ma Theopista, damu yako imekuwa maji! Unajua alifanya nini? Alicheka. Alifurahi!"

Theopista anakubali, kwa aibu. "Nilifurahi kweli. Nilijiambia, sasa dawa inafanya kazi. Damu imelainika. Damu nyepesi haiwezi kuziba mshipa."

Na hapo alikuwa sahihi kwa nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Kwanza ulikuja uchovu. Kisha michubuko mikononi ambayo hakujua ameipatia wapi. Kisha akaanza kushika nguzo ya banda kila anapoinuka, kwa sababu dunia ilikuwa inazunguka. Alisema ni jua, alisema ni umri. Tumbo lilimchoma chini ya kifua, akasema ni pilipili.

Halafu kuna jambo ambalo itabidi wasomaji walioko mezani watuwie radhi, maana habari hii haiwezi kusimuliwa bila choo. Choo chake kilikuwa cheusi. Si cha kahawia iliyokolea, bali cheusi cha lami, kinachonata na chenye harufu mbaya kuliko kawaida. Alikiona siku baada ya siku na hakumwambia mtu, kwa sababu alikuwa na jibu tayari.

"Nilisema ni akamwani," anasema. "Punje zenyewe nyeusi. Nikajua kinachoingia cheusi kitatoka cheusi. Nani angebisha?"

Aliyebisha ni Joviana, muuguzi wa zahanati ya kisiwani. Theopista alipelekwa kwake asubuhi moja ya mwezi wa tatu, amebebwa na Kezia na mwanamke mwingine, baada ya kudondoka juu ya meza ya samaki, kisu kikiwa bado mkononi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Joviana, ambaye ni Mhaya kama yeye, alimshika mkono akakuta mapigo yanakimbia na ngozi imelowa jasho baridi.

"Nilimuuliza maswali ya kawaida," Joviana anaeleza. "Umetapika? Hapana. Tumbo? Linachoma. Nikamuuliza, choo chako kina rangi gani? Akanijibu haraka, kama mtu anayefunga mlango: cheusi, waitu, lakini mimi hutafuna akamwani."

 Joviana aliingiza mkono mfukoni mwa koti lake, akatoa punje tatu za akamwani na kumwonyesha kwenye kiganja.

"Nikamwambia, Ma Theopista, hata mimi natafuna. Natafuna tangu nikiwa msichana. Na changu si cheusi."

Theopista anayakumbuka maneno hayo. "Hapo ndipo nilipoogopa. Kumbe akamwani nilikuwa naisingizia. Nikamuuliza, basi ni nini? Akaniambia, ni damu. Unavuja ndani."

Muuguzi akauliza dawa anazotumia. Theopista alitaja diklofenaki. Aspirini hakuitaja, kwa sababu kwake hiyo haikuwa dawa, ilikuwa kinga. Ni Kezia aliyetoa sauti kutoka mlangoni: "Na vile vyeupe vya kila asubuhi?"

Hapo Joviana hakukaa tena. Zahanati yake ilikuwa na maji ya mshipani, lakini haikuwa na damu ya kumwongezea mgonjwa, wala kifaa cha kuingiza tumboni kuona panapovuja. Vitu hivyo viko nchi kavu, na kati ya Goziba na nchi kavu kuna saa kadhaa za maji.

Boti iliyokuwa karibu kuondoka ilikuwa ya Machibya, nahodha aliyekuja ziwani kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita. Ilikuwa imeshapakiwa kayabo mpaka ukingoni. Machibya alimtazama mgonjwa, akatazama mzigo, akawaambia vibarua washushe nusu.

"Wenye mzigo walinipigia kelele," anasema Machibya. "Nikawaambia, samaki hawa wameshakufa, wanaweza kusubiri. Huyu bado."

Theopista alilazwa juu ya maturubai, chupa ya maji ikining'inia kwenye mti uliofungwa ubavuni mwa boti. Joviana alikaa kichwani kwake. Upepo ulikuwa umeanza kuvuruga ziwa, na kila wimbi lilipoinua boti Joviana alishika chupa kwa mkono mmoja na mgonjwa kwa mwingine.

Kisiwa kilipokuwa kimeshapotea nyuma na nchi kavu haijaonekana mbele, Theopista aligeuza kichwa akatapika. Ilikuwa damu, nyingine mbichi, nyingine imeganda kama mashapo ya kahawa.

"Nilipiga injini mpaka nikahisi itang'oka," Machibya anasema. "Nilikuwa sitaki kugeuka nyuma. Nilikuwa nasikiliza tu kama muuguzi bado anaongea. Nikajisemea, akinyamaza, basi."

Joviana hakunyamaza. Alizungumza Kihaya njia nzima. Alimuuliza Theopista habari za shamba, za migomba ipi imepona mnyauko, za mwanawe Wilbert anayefanya kazi Mwanza, na kila jibu lilipochelewa alimfinya. Theopista anakumbuka kidogo sana. Anakumbuka mbingu ikienda kushoto na kulia. Na anakumbuka wazo moja lililomkera hata akiwa katika hali ile: kwamba anakufa kwa kitu alichokimeza ili asife.

Walifika. Gari lilikuwa likiwasubiri kwenye mwalo, pale boti zinapotia nanga. Katika hospitali moja wilayani Muleba aliongezewa damu mara mbili kabla hajaweza kukaa kitandani. Baadaye alipimwa kwa mpira wenye kamera. Walikuta kidonda tumboni kilichokuwa kikivuja.

Daktari aliyemhudumia, Dk. Ndyamukama, ni mtu wa sauti ndogo asiyependa kutisha watu. Lakini tulipomuuliza kuhusu aspirini ya kujikinga, alikaa sawasawa kwenye kiti.

"Aspirini inazuia zile chembe za damu zinazokimbilia jeraha na kulifunga," alisema. "Sasa, mtu ambaye ameshapata kiharusi cha mshipa kuziba, au mshtuko wa moyo, hatari yake ya kuziba tena ni kubwa. Kwake tunakubali ile hatari ya kutokwa damu, kwa sababu faida kwa kawaida ni kubwa zaidi. Lakini mtu ambaye hajawahi kupata lolote, faida yake ni ndogo sana, na hatari ya kuvuja iko palepale. Tena inapanda kadiri umri unavyokwenda."

Kwa Theopista, alieleza, mambo yalikuwa yamerundikana. Umri. Kidonda cha tumbo ambacho hakukijua, kilichotokana na bakteria. Diklofenaki, ambayo ikikutana na aspirini huongeza uwezekano wa kuvuja. Na presha isiyotibiwa, ambayo peke yake inaweza kupasua mshipa kichwani. Mshipa ukipasuka kwa mtu anayemeza aspirini, damu huwa ngumu zaidi kusimama.

Je, hakuna hata mtu mmoja mzima anayefaa kuimeza?

"Wapo," alijibu. "Wapo ambao hatari ya moyo kwao ni kubwa, umri haujaenda sana na hawana dalili za kuvuja, tukawapima presha, sukari na mafuta, tukakaa nao, tukakubaliana. Ni uamuzi wa mtu mmoja mmoja. Hauwezi kuchukuliwa dukani, wala hauwezi kuazimwa kwa mume."

Theopista hakuyapokea hayo kirahisi. Alipoambiwa asimeze tena aspirini, alilia.

"Nilimwambia daktari, unanivua koti na mvua naiona inakuja," anasema. "Nikamuuliza, unaniahidi sitapata kiharusi? Akasema, siwezi kukuahidi. Lakini koti lako ni lile uliloliacha kliniki. Ni dawa ya presha. Na kupunguza chumvi. Chumvi, mimi! Mtu ninayeishi ndani ya chumvi!"

Alitibiwa kidonda, akaanzishiwa dawa ya presha, akarudi Kaagya akiwa mwepesi wa mwili na mzito wa moyo. Na hapo, alipodhani mambo yamekwisha, ndipo yalipoanza upya.

Habari ilikuwa imemtangulia. Kaagya nzima ilijua kwamba Ma Theopista ametapika damu kwa sababu ya aspirini. Kisiwani watu walikuwa wanatupa junia zao jalalani. Na Rugemalira, aliyekuwa peke yake nyumbani wakati mkewe akipigania uhai, alikuwa amefanya uamuzi wake kimyakimya.

Kila asubuhi Theopista alimpa kidonge na maji. Kila asubuhi alikipokea, akanywa maji, akasema ahsante. Kidonge alikificha shavuni, kisha akakitema kwenye shina la mgomba alipotoka nje kujinyoosha.

"Niliona dawa hii imetaka kuniulia mke," Rugemalira anatueleza. Maneno yake sasa yanatoka polepole lakini yanaeleweka. "Ningeimezaje? Ningekuwa mjinga. Na sikutaka kumwambia, maana alikuwa mgonjwa, angehangaika."

Iliendelea hivyo kwa majuma. Hakuna aliyejua, mpaka alipokuja mgeni.

Alikuwa jirani aliyekuja kumjulia hali Theopista. Rugemalira, kama mwenye nyumba, alivuta kikapu kidogo cha akamwani ili amkaribishe. "Nyegera waitu," alisema, karibu ya heshima kwa Kihaya, na kuingiza mkono. Mkono ulikuwa wa kushoto, ule mzima, mkono ambao kiharusi cha kwanza hakikuugusa. Ulifika kwenye punje ukashindwa kuzishika. Alijaribu tena. Vidole vilipapasa tu. Kikapu kikapinduka.

Theopista alikuwa mlangoni. Anasema aliuona mkono, kisha akamtazama mumewe usoni na kuona mdomo umekwenda upande.

"Sikupiga kelele," anasema. "Nilimuuliza swali moja tu. Nikamwambia, Baba Wilbert, vidonge vyako umevipeleka wapi? Alinyoosha macho nje, kwenye migomba. Basi nikajua."

Pikipiki ilimpeleka barabarani, gari likampeleka Bukoba. Kabla hawajafika, mkono ulikuwa umerudi na mdomo umenyooka. Waliambiwa hilo ni onyo, kwamba mshipa uliziba kwa muda ukafunguka, na safari nyingine huenda usifunguke. Rugemalira alirudishiwa dawa zake zote, aspirini ikiwemo.

Kumshawishi aimeze ikawa kazi nyingine. Theopista anasema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kuliko kisu na kuliko chumvi. Ilimbidi yeye, ambaye kidonge kile kilikaribia kumzika, akae mbele ya mumewe na kumwomba akimeze.

"Alinijibu vibaya sana," anasema. "Akasema, wewe mwenyewe ulitapika damu, na sasa unanipa mimi? Nikamwambia ndiyo. Nakupa wewe. Mimi sikuwa mgonjwa wa ugonjwa huu, nilikuwa mgonjwa wa woga. Wewe unao. Ukikiacha nitakuzika, na mimi nikikimeza utanizika. Sasa chagua kama tutazikana."

Rugemalira, aliyekaa kando yake wakati mkewe akisimulia hayo, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Huyu mwanamke akianza kuongea, hata jiwe linameza," alisema.

Theopista amerudi Goziba tangu kiangazi, lakini kwa safari fupi. Anakula kabla ya kushika kisu. Diklofenaki ameiacha, mgongo ukiuma anaomba ushauri kwa Joviana kwanza. Huvaa glavu anapotia chumvi. Presha yake hupimwa zahanati, na kwa mwaka huu imekuwa ikishuka taratibu. Choo anakitazama kila siku, na hatafuti tena maelezo yake mwenyewe.

Akamwani hakuiacha. "Hiyo niliisingizia bure," anasema. "Sasa naila kwa kuiomba radhi."

Je, haogopi tena?

"Naogopa. Nani amekwambia nimeacha kuogopa? Kila nikijikata naogopa damu isisimame. Kila nikiumwa kichwa naogopa mshipa. Zamani nilikuwa nameza kidonge ili nisiogope. Sasa naogopa hivyo hivyo na naenda kupima."

Mpango wake ni kukiaga kisiwa kabla ya mwaka huu kwisha. Amezungumza na Kezia awe anamtumia kayabo kwa boti ya Machibya, yeye auze soko la Bukoba, alale Kaagya. Kipato kitapungua, anajua. Anasema hajali.

"Kile kikapu kilipopinduka nilikuwa mlangoni kwa bahati," anasema. "Sitaki tena kuwa mlangoni kwa bahati. Nataka niwepo."

Siku tulipomtembelea nyumbani, walikuwa wamemaliza kula ebitoke, ndizi za kupika, na maharage. Theopista alitoa vidonge. Cha presha alijiwekea mwenyewe. Cha aspirini alikiweka kwenye kiganja cha Rugemalira, akamtazama akikimeza, kisha akamwambia afungue mdomo.

"Aaa," alifungua mzee, na kuinua ulimi kama mwanafunzi anayekaguliwa. "Umeridhika, Mama Wilbert?"

Kisha akakumbuka kwamba kuna mgeni ambaye hajakaribishwa. Akavuta kikapu cha akamwani na kuingiza mkono wa kushoto.

Theopista alikuwa amesimama kukusanya sahani. Hakuzikusanya. Alibaki ameshikilia moja, macho kwenye vidole vya mumewe, kama wenzake wa banda walivyokitazama kidole chake. Vidole vilipapasa kwenye punje, vikachagua, vikafunga. Mkono ukapita taratibu juu ya meza mpaka kwenye kiganja cha mwandishi, ukafunguka. Zilikuwa punje mbili.

"Zimefika," alisema Theopista, akachukua sahani na kwenda kuziosha.